Nyimbo utatoa wapi? Njia tano za DJ wa Nairobi zikilinganishwa

DJ anayeishi kwa kazi hii Nairobi anaweza kucheza kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Wagĩkũyũ, Kiambu Jumamosi mchana, akapiga amapiano Westlands usiku huohuo, kisha Jumapili jioni akawa na rhumba kwenye baa ya Thika Road. Mashine ni zilezile na laptopu ni ileile, lakini nyimbo zinazohitajika haziuzwi mahali pamoja, na nyingine haziuzwi popote. Kontrola, yaani mashine ya kuchanganyia nyimbo, unaweza kuulizia Luthuli Avenue asubuhi moja ukamalizana nayo. Nyimbo utazitafuta kila wiki maadamu uko kazini.

Haya ni kwa aliyekwama kati ya njia tano zinazotumika sana mjini: kununua faili moja moja, kulipia rekodi puli (tovuti za ma-DJ za kulipia kwa mwezi), kutiririsha ndani ya programu ya DJ, kuchukua kwa wasanii wenyewe, na ile ya flashi ya rafiki pamoja na kupakua YouTube. Ma-DJ wengi ninaowajua wanachanganya. Kinachobadilika ni ipi iwe msingi na ipi iwe ya kujazia.

Vigezo kwanza

Nimepima kila njia kwa mambo matano. Gharama, yaani inatoka shilingi ngapi na inatoka lini. Nyimbo za nyumbani, kwa maana benga, mugithi, gengetone na zilizopendwa zinapatikana kwa kiasi gani. Ubora wa sauti kwenye spika kubwa, kwa sababu simu na spika ndogo za mezani husamehe mengi. Uhakika siku ya shughuli, pale mtandao unapogoma au stima inapopotea. Na mwisho, nani analipwa.

Hilo la mwisho lina utata unaopaswa kuondolewa mapema. Kununua wimbo kunakupa haki ya kuwa na nakala. Hakukupi haki ya kuucheza hadharani. Haki hiyo ina leseni yake, na fedha zake hupitia mashirika ya kukusanya mirabaha yanayopewa leseni na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. KAMP imekuwa ikisimamia watayarishaji wa rekodi, na PRISK wanaoimba na kupiga ala. Upande wa watunzi, MCSK ndilo jina lililozoeleka kwa miaka mingi, ila mashirika yenye leseni yamewahi kubadilika, kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu yeyote anayebisha mlango wa ukumbi, thibitisha na KECOBO. Ukiwa na shughuli yako mwenyewe au unazunguka na vyombo vyako, mwulize mwenye shughuli kwa maandishi: leseni ya muziki iko juu ya nani? Afadhali swali hilo liulizwe wakati wa kulipa amana kuliko saa tatu usiku wageni wakiwa wameketi.

Kununua faili moja moja

Gharama ndiyo inayowatisha wengi. Beatport, soko kubwa la muziki wa dansi, hutoza takriban dola moja na nusu au zaidi kwa wimbo, na faili ya WAV, isiyobanwa, huongezewa bei. Bandcamp, msanii mwenyewe ndiye hupanga bei. Dola ikiwa karibu shilingi 130, nyimbo kumi mpya kwa wiki ni fedha za kuhesabiwa. Lakini unalipa mara moja tu, na faili ni yako hata usipopata kazi miezi mitatu. Kizuizi cha kadi kimepungua pia: tangu 2022, M-Pesa GlobalPay inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni moja kwa moja kwenye simu, kwa hiyo huhitaji akaunti ya benki.

Kwa nyimbo za nyumbani, jibu linategemea unacheza nini. Gengetone ya wiki hii huipati Beatport. Muziki wa kielektroniki wa Nairobi, kama kazi za Slikback na KMRU, uko Bandcamp. Na hapo pana jambo ambalo ma-DJ wa ruracio wengi hawalijui: KMRU ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Gĩkũyũ aliyefariki 2018, na amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu yake hukohuko Bandcamp. Wimbo wa Kamaru ambao umekuwa ukiucheza kutoka kwenye faili yenye mikwaruzo unaweza kuununua kutoka kwa familia yake, ukiwa na sauti nzuri.

Sauti ni bora kuliko njia zote, kwa sababu unachagua mwenyewe: MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, au FLAC na WAV zisizopunguza sauti. Uhakika ni kamili, faili iko kwenye flashi. Na malipo yanaonekana. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, makato ya malipo yakaongezwa, na kinachobaki kinamwendea msanii au lebo yake.

Inamfaa DJ mwenye ladha yake maalumu, anayecheza mtindo mmoja au miwili na ambaye watu humwita kwa ajili ya mtindo huo. DJ wa harusi anayeombwa kila kitu kuanzia taarab hadi dancehall itamchosha mfuko.

Rekodi puli

Mtindo huu ulianzia New York mwaka 1975, David Mancuso na wenzake walipounda chama cha kugawia ma-DJ sahani mpya kutoka kampuni za rekodi. Leo ni tovuti unazolipia kwa mwezi kisha unapakua utakavyo. BPM Supreme na DJcity ndizo hutajwa zaidi. Nyingi huanzia karibu dola 20 kwa mwezi, sawa na shilingi 2,600 hivi. Kwa DJ mwenye shughuli mbili tatu kwa mwezi hizo zinarudi haraka. Kwa asiye na kazi, ni deni linalojirudia.

Faida yake kubwa haizungumzwi vya kutosha, nayo ni matoleo. Wimbo mmoja unakuja wenye matusi, usio na matusi, na wenye midundo mitupu mwanzoni ili uuchanganye bila kukimbizana na sauti ya mwimbaji. Ukiwa kwenye harusi, bibi arusi akaomba wimbo wa hip hop huku wazee wa pande zote mbili wameketi safu ya mbele, utaona thamani ya toleo safi.

Nyimbo za nyumbani ni chache mno. Utapata Afrobeats, amapiano na majina makubwa ya Kenya yaliyovuka mipaka. Mugithi sahau. Sauti kwa kawaida ni MP3 ya 320, na uhakika ni uleule wa kununua. Upande wa malipo, nyimbo hutolewa kwa ma-DJ kama promosheni, kwa hiyo unapopakua, kwa kawaida msanii hapati senti ya moja kwa moja. Anategemea wewe uucheze, ukumbi uwe na leseni, na mirabaha imfikie. Masharti pia huwa yanakataza kugawa faili. Kuweka akaunti moja ya watu sita wa kundi la WhatsApp ni kuvunja mkataba, hata kama mmoja wenu amelipa.

Inamfaa DJ wa harusi, wa hafla za kampuni na wa klabu zinazopiga chati za dunia.

Kutiririsha ndani ya programu

Hapa huhifadhi chochote. Programu yako, iwe Serato, rekordbox au nyingine, inaunganishwa na Beatport, SoundCloud au huduma nyingine na kuvuta wimbo moja kwa moja. Kwa bei ya mwezi unapata mamilioni ya nyimbo.

Uhakika ndio unaoamua kila kitu hapa. Watu hudhani shida ni bando, na si kweli. Wimbo wa kilobiti 256 kwa sekunde unakula takriban MB 115 kwa saa, kwa hiyo usiku mzima haumalizi hata GB moja. Shida ni foleni. Ukiwa Carnivore Grounds au Uhuru Gardens, maelfu ya watu wakipandisha video kwa wakati mmoja kupitia minara ileile, mtandao wa simu yako utakufa saa ile tu umati umeshika moto. Huduma nyingine, kama Beatport kwenye vifurushi vyake vya juu, zinaruhusu kuhifadhi idadi fulani ya nyimbo kwa matumizi ya nje ya mtandao, na ukitegemea njia hii nakusihi ulipie hicho kifurushi. Siku ukiacha kulipa, nyimbo zinaondoka, na alama ulizoweka ndani ya nyimbo zinabaki kwenye orodha isiyo na muziki.

Jambo jingine la hatari ni kwamba huduma yenyewe inaweza kubadili mawazo. Julai 2020 Spotify ilikata uhusiano na programu za DJ, na waliokuwa wamejenga kazi yao juu yake wakaachwa bila maktaba. Imerejea kwenye baadhi ya programu 2025, lakini masharti yake bado ni ya matumizi binafsi. Yaani kuifanyia mazoezi sebuleni ni sawa. Kuichezea mteja anayekulipa ni kuvunja masharti uliyoyakubali.

Huwezi pia kurekodi: Serato hufunga kitufe cha kurekodi ukishapakia wimbo wa kutiririsha. Anayejitangaza kwa miksi atakwama hapo. Nyimbo za nyumbani ziko kwa kiasi, hasa SoundCloud ambako wasanii chipukizi hupandisha wenyewe. Malipo kwa msanii yapo, ila ni madogo kwa kila uchezaji.

Inamfaa anayejifunza, anayetaka kuonja mitindo kabla ya kununua, na DJ aliyezoea hafla ndogo zenye waya wa intaneti. Kama akiba ya kuokoa maombi ya ghafla, ni nzuri kwa kila mtu. Kama msingi wa kazi Nairobi, sioni ikisimama.

Kuchukua kwa wasanii wenyewe

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu ndiyo njia inayoziba pengo la nyimbo za nyumbani, na ndiyo ninayoona inapuuzwa zaidi na ma-DJ wanaolalamika kwamba muziki wa Kenya haupatikani.

Nairobi si mji mkubwa kiasi hicho kwa wanamuziki wake. Namba ya meneja iko kwenye Instagram, prodyuza ni rafiki ya mtu unayemjua, bendi ya mugithi iko jukwaani Ijumaa na wanashuka wakimaliza seti. Ujumbe wenyewe ni mfupi: "Habari yako kaka, mimi ni DJ, nacheza kila Ijumaa pale mahali fulani. Ngoma yako mpya naipenda na nataka kuipiga. Naomba WAV au MP3 ya 320, na kama una toleo lisilo na sauti au lenye intro ya midundo nitashukuru. Nitakutumia video nikiicheza." Anayepokea hapo anaona mtu anayejua anachokiomba. Wengi hutuma siku hiyohiyo.

Omba faili itumwe kwa Google Drive, au kwa WhatsApp kama dokumenti. Ikifika, jaza jina la msanii, jina la wimbo, prodyuza na mwaka kabla ya kuiweka kwenye maktaba. Hili linaonekana dogo lakini lina uzito. Programu za DJ huhifadhi historia ya ulichocheza, na ukumbi ukitakiwa kutoa orodha ya nyimbo, historia yako ndiyo ushahidi. Faili iliyoandikwa "ngoma mpya final 2" haimpeleki mtu yeyote mirabaha.

Je, ulipe? Hapa ma-DJ hawakubaliani. Wapo wanaosema promosheni ndiyo malipo, na msanii asiyejulikana kweli hufaidika akipigwa klabu. Maoni yangu ni kwamba wimbo ukiwa unakuletea kazi, ukaupiga kila wiki na wageni wakauomba kwa jina, mtumie mwenyewe kitu kwa M-Pesa hata kama hakuomba. Na upande wa pili uko wazi zaidi kuliko wote: usipokee fedha ili upige wimbo mbovu, ukawaambia watu kwamba ndio unaotamba. Umati hukuamini kwa sababu unadhani unachagua.

Gharama basi ni muda na uhusiano. Sauti inategemea prodyuza, wengine hukutumia faili ambayo haijamalizwa, kwa hiyo sikiliza kwanza kwenye spika. Uhakika ni kamili ikishaingia. Inamfaa DJ yeyote anayetaka kuwa na nyimbo ambazo mwenzake hana, na hasa wa benga, mugithi, gengetone na muziki wa injili.

Flashi ya rafiki na kupakua YouTube

Wengi walianzia hapa, na sababu zao ni za kweli. Haina gharama, ni ya haraka, na kila wimbo wa nyumbani upo. Kwa kijana asiye na kazi aliyeazima laptopu, kumwambia anunue nyimbo elfu moja kabla ya kugusa mashine ni kumfungia mlango.

Tuangalie vigezo vilevile. Sauti ya YouTube huwa karibu kilobiti 128 hadi 160 kwa sekunde. Tovuti ya kupakua inapokuandikia 320, imekuza ukubwa wa faili tu, kilichokwisha kukatwa hakirudi. Ukitaka kuona kwa macho, fungua faili kwa programu ya bure iitwayo Spek: ya kweli inapanda hadi karibu kilohezi 20, na nyingi za kupakua zinakatika ghafla karibu na 16. Benga ndiyo huumia zaidi. Wimbo unapofika ile sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji ananyamaza, gitaa la solo linapanda juu na mapigo yanakazwa, sahani za ngoma na nyuzi zile nyembamba zinageuka mchanga kwenye spika kubwa. Hapohapo ndipo watu walikuwa wanasubiri kucheza. Video nazo huja na michezo ya kuigiza mwanzoni, honi za gari na mazungumzo ambayo utayakata mmoja mmoja.

Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua nje ya huduma yake, na nakala ya flashi haimpi mwenye wimbo chochote. Hilo ni bayana.

Lakini kuna kona moja ngumu. Santuri nyingi za River Road, mtaa wa biashara ya muziki Nairobi, za miaka ya sabini hazikuwahi kuuzwa kidijitali, na nakala pekee utakayoikuta ni ya shabiki aliyeipandisha. Kabla ya kuipakua, pita Melodica pale Tom Mboya Street, au kwa wauza sahani wa Kenyatta Market, ununue sahani uigeuze mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda rekodi ya sauti miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ila utunzi unalindwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Hivyo rekodi ya 1968 ulinzi wake kama rekodi uliisha 2018, lakini kama mtunzi alifariki 2001, utunzi wake ni wa warithi hadi mwisho wa 2051. Umri wa wimbo peke yake hauufanyi uwe wa bure.

Njia hii inamfaa anayefanya mazoezi nyumbani. Kwa anayelipwa, inafaa kama daraja la kuvukia tu.

Programu na miksi

Kwa ufupi, programu ya DJ iliyovunjwa, yaani ya wizi, haina sababu tena. Mixxx ni ya bure kabisa na halali, Serato DJ Lite na rekordbox zina matoleo ya bure. Virtual DJ, inayopendwa sana hapa, ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya kikazi bila kontrola, ila ukilipwa inahitaji leseni. Kopi iliyovunjwa inayozima katikati ya shughuli haina wa kulalamikiwa.

Miksi ukizipandisha YouTube, mfumo wa Content ID utazitambua nyimbo: mara nyingi fedha za matangazo huenda kwa wenye nyimbo, wakati mwingine video hufungwa, na maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kuifuta chaneli. Mixcloud ina makubaliano na wenye haki, kwa hiyo ni salama zaidi, ila msikilizaji hapakui. Anayetegemea matatu na flashi ili jina lake lienee hataridhika nayo.

Kulingana na hali yako

Unaanza na mfuko ni mtupu: Mixxx, mazoezi kwa ulichonacho, na wiki hii hii waandikie wasanii watano. Maktaba ya nyimbo hamsini halali unazozijua kwa moyo itakupitisha saa mbili za baa ndogo.

Unacheza harusi na hafla za kampuni: rekodi puli iwe msingi, ukiongeza nyimbo za nyumbani kwa kununua na kuomba. Kutiririsha kuwe akiba ya maombi, na usilipie mwezi usio na kazi.

Unacheza mtindo mmoja klabuni: nunua. WAV au FLAC kama ukumbi una spika nzuri, lakini kagua vicheza nyimbo vyake kwanza, kwa sababu CDJ za zamani hazisomi FLAC wala flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa NTFS. Flashi ya GB 64 yenye FAT32 inabeba takriban nyimbo 6,000 za MP3 ya 320, au 1,500 hivi za WAV.

Unacheza mugithi, benga au zilizopendwa: wasanii, familia zao, na sahani. Hakuna huduma ya nje itakayokufanyia kazi hiyo.

Na kama tayari una maelfu ya faili usizojua zilitoka wapi, usifute zote kwa usiku mmoja ukajikuta mikono mitupu Jumamosi. Panga maktaba kwa idadi ya mara zilizochezwa, chukua ishirini za juu, na uzibadilishe kwa nakala halali mwezi huu. Mwezi ujao chukua ishirini zinazofuata.